Risasi Inavyofika: Kijitabu cha Mwindaji wa Elki na Kulungu Colorado

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu kumwendea mnyama, na risasi ni yale madini laini ya kijivu ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Zamani haikuwa taabu, kwa sababu ya kwanza ilitengenezwa kwa ya pili. Leo kuna risasi za kuwindia ambazo hazina risasi hata chembe. Ni shaba tupu. Ili tusichanganyane, humu tukisema "risasi" tunamaanisha kinachopigwa, na metali yenyewe tutaiita "madini ya risasi".

Tumewaandikia jamaa zetu wa Denver, Aurora, Greeley na kwingineko Colorado waliokwisha kupita kozi ya usalama wa mwindaji, wakakata leseni, na sasa wamesimama mbele ya rafu ya duka wasijue wachukue pakiti ipi. Wengi wetu nyumbani bunduki tuliiona begani kwa askari tu. Waliotoka Kenya ndio kabisa, maana huko uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Basi mtu anafika dukani, anaona pakiti yenye picha ya dume la elki na maneno makubwa ya kusifu umbali, analipa, anaondoka. Picha hiyo haimwambii lolote.

Vita inachokataza, uwindaji unakidai

Unachonunua ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: ganda la shaba njano, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa mbele. Vitatu vya kwanza vinabaki nyuma. Kichwa peke yake ndicho kinachosafiri, na ndicho cha kuchagua.

Sheria ya Colorado imekwisha kukuchagulia nusu ya njia. Kwa wanyama wakubwa, risasi lazima iwe ya kipenyo kisichopungua inchi 0.24, na lazima iwe ya kufunguka inapoingia mwilini. Kwa kulungu uzito usipungue greni 70. Kwa elki na musi (moose), greni 85. Greni ni kipimo kidogo cha wenye bunduki: greni 85 ni kama gramu tano na nusu. Tena risasi iwe bado na nguvu ya futi-paundi 1,000 inapofika yadi 100.

Neno la kushika hapo ni kufunguka. Azimio la The Hague la mwaka 1899 liliyakataza mataifa kutumia vitani risasi zinazotanuka mwilini. Ndiyo maana risasi ya askari imevikwa ala ngumu mpaka nchani, hupenya na kutokea ng'ambo ikiacha tundu jembamba. Kwa mnyama, tundu hilo ni balaa. Elki aliyepigwa hivyo anaweza kukimbia maili nzima akafie kichakani usimwone tena. Risasi ya kuwindia hutakiwa ifunguke, ipasue mapafu au moyo, mnyama aanguke baada ya hatua chache. Kwa hiyo mtu akikuuzia kwa bei poa sanduku la risasi za kijeshi, hizo ni za kulengea shabaha. Usipande nazo mlimani.

Ziko nyingine zinazowapoteza hata wazoefu: risasi za mashindano. Zina kitundu kidogo nchani, na mtu huona kitundu akadhani ni cha kufungulia. Kitundu hicho kimebaki tu kutokana na namna zinavyotengenezwa. Kazi ya risasi hizi ni kutoboa karatasi mahali pamoja mara kumi mfululizo, na hiyo zinaifanya vizuri mno. Kwa mnyama hazitabiriki: mara hupita kama sindano, mara husambaratika juu ya mfupa wa bega. Kampuni ya Sierra, ambayo risasi zake za mashindano zinajulikana sana, yenyewe inasema hazifai kuwindia.

Hesabu ianzie kwa mnyama

Muuzaji atakutajia kasi ya kutoka mtutuni. Mwulize kasi ya kufika.

Risasi hufunguka kwa sababu inakutana na nyama yenye maji ikiwa na kasi ya kutosha. Kasi ikishuka chini ya kiwango fulani haifunguki. Inapita kama ile ya askari, na umeshaona hasara yake. Kila mtengenezaji makini hutaja kiwango hicho. Risasi nyingi za kuwindia zenye kiini cha madini ya risasi huhitaji takriban futi 1,800 kwa sekunde. Za shaba tupu ni ngumu zaidi, na nyingi huhitaji kama 2,000, ingawa ziko zilizotengenezwa makusudi kwa masafa ambazo hufunguka hata kwa kasi ndogo kuliko hiyo.

Tuchukue bunduki ya .308 Winchester, ya kawaida kabisa, na risasi ya greni 165 inayotoka kwa futi 2,700 kwa sekunde. Hewa huila kasi yake kidogo kidogo. Ikifika yadi 300 imebaki na takriban 2,100. Yadi 400, kama 1,940. Yadi 500, chini kidogo ya 1,800. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari; milimani Colorado hewa ni nyepesi na risasi hubaki na kasi zaidi kidogo. Sasa kama pakiti yako ni ya shaba inayotaka 2,000, mwisho wako ni yadi 350 au zaidi kidogo, hata kama mkono wako ni hodari wa kugonga sahani ya chuma yadi 700. Sahani haihitaji risasi ifunguke.

Kinachopunguza ulaji huo wa kasi ni umbo. Risasi ndefu, yenye ncha kali na kitako kilichochongwa kama tezi la mashua, hupasua hewa vizuri kuliko fupi yenye pua butu. Kwenye pakiti sifa hii huandikwa kwa herufi BC na namba. Namba ikiwa kubwa, risasi inahifadhi kasi zaidi. Ila BC imekuwa kama mapambo ya harusi, kila kampuni inatangaza yake. Yenye namba kubwa kuliko zote si lazima iwe nzuri kwako, kwa sababu baadhi ya risasi za masafa zimefanywa laini ili zifunguke zikiwa zimechoka, na elki akitokea ghafla yadi 40 mbele yako, risasi hiyo laini yenye kasi yote ya mtutu itapasukia juu ya bega isifike kwenye mapafu. Porini hujui atatokea wapi. Chagua inayovumilia karibu na mbali.

Tatizo la risasi kupasuka mapema ni la siku nyingi. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda musi British Columbia, Kanada. Musi alikuwa amekaukiwa na matope mwilini, na risasi za Nosler zikawa zinavunjika bila kuingia ndani inavyotakiwa. Akarudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Mpaka leo inauzwa, na jina lake, Partition, linatokana na huo ukuta.

Shaba au madini ya risasi

Hapa hatutajifanya hatuna upande. Kwa anayepeleka nyama nyumbani kwa watoto, tunapendelea shaba, na sababu iko jikoni kuliko mlimani.

Risasi yenye kiini cha madini ya risasi hudondosha vipande inapopita mwilini. Vingine ni vidogo kuliko punje ya chumvi. Huvioni, na ulimi hauvisikii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kulungu 30 waliopigwa kwa risasi za namna hiyo walipitishwa kwenye eksirei, kisha wakapelekwa kwa wachinjaji wa kawaida. Kwa wastani kila mzoga ulikuwa na vipande 136. Katika pakiti 234 za nyama ya kusaga zilizotoka kwa wanyama hao, asilimia 32 zilikutwa na chembe. Wachinjaji walikwisha kusafisha majeraha. Nguruwe waliolishwa nyama hiyo, madini ya risasi yalipanda katika damu yao.

Mwaka 2008, huko North Dakota, nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa ghala za chakula za wasiojiweza ilikutwa na vipande hivyohivyo. Jambo hili linatuhusu, kwa sababu familia nyingi zilizofika karibuni zinaanzia kwenye ghala hizo. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na mamlaka za afya za Marekani zinasema hakuna kiwango katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasile nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi ya aina hiyo.

Wanyama wanaosafisha msitu nao huumia. Kondori wa California, ndege wa jamii ya tumbusi, walibaki 22 tu mwaka 1982, na hata baada ya kufugwa na kurudishwa porini, sumu ya madini ya risasi katika matumbo ya mizoga iliyoachwa na wawindaji ndiyo inayowaua zaidi. Tangu Julai 2019 California imekataza uwindaji wote wa risasi za namna hiyo. Colorado haijafika huko, uamuzi ni wako.

Shaba ina masharti yake. Ni nyepesi kuliko madini ya risasi: ujazo uleule una uzito pungufu kwa kama moja ya tano. Kwa hiyo risasi ya shaba ya uzito uleule huwa ndefu zaidi, na risasi ndefu hutaka mtutu wenye mifereji inayozungusha haraka, vinginevyo huyumba angani. Tazama maandishi kwenye mtutu wako: 1:10 maana yake risasi inazunguka mara moja katika kila inchi 10. Kama hujui ubebe uzito gani, shuka ngazi moja. Aliyezoea greni 165 za kiini cha madini ya risasi achukue 150 za shaba. Inatoka kwa kasi zaidi, na kwa kuwa haipotezi vipande, inaingia ndani vizuri. Bei ni kubwa, hilo ni kweli. Lakini kwa msimu mzima mwindaji hupiga mnyama mmoja au wawili. Pesa zinaishia kwenye mazoezi, na mazoezi ya risasi nyingine hayakusaidii: ukibadili pakiti lazima uilenge upya bunduki, maana risasi tofauti hutua mahali tofauti hata kama uzito ni mmoja.

Upepo, na mguu wa mnyama

Ile .308 yetu, upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa, ambao unatikisa tu majani ya mti, huisukuma kama inchi 7 kwenye yadi 300. Kwenye yadi 500 ni kama nusu mita. Kifua cha kulungu, mahali pa moyo na mapafu, hakizidi sana sahani ya chakula. Na kutoka kidole kufyatua hadi risasi kufika yadi 500 inapita zaidi ya nusu sekunde, muda wa kulungu kupiga hatua moja akalipokea pigo tumboni. Hakuna risasi ya bei yoyote inayotibu hilo. Jipime kwa kupiga ukiwa umekaa chini au umepiga goti, pumzi inapanda kwa kukwea mlima, risasi tano ndani ya sahani. Umbali ambao zote tano zinaingia ndio wako. Kwa wengi wetu ni yadi 200, na hakuna aibu.

Tazama pia nyuma ya mnyama. Risasi za bunduki hizi zinaweza kwenda zaidi ya kilomita 4. Usimpige aliyesimama juu ya kilele na mbingu nyuma yake.

Madumu ya maji

Ukitaka kujua risasi yako inafanya nini, panga madumu sita ya plastiki yaliyojaa maji, yakifuatana kama watu kwenye foleni, mahali palipoidhinishwa kulengea na penye ukuta wa udongo nyuma. Piga la mbele, kisha yamwage na utafute. Risasi nzuri ya shaba utaikuta dumu la nne au zaidi, imefunguka petali nne zilizopinda nyuma. Ukiishika kwa kitako inafanana na karafuu kavu. Ya madini ya risasi inafanana na uyoga, na mara nyingi ukiipima imepungua uzito. Uzito uliopungua umebaki ndani ya madumu.

Nyama

Kwa msomaji Mwislamu, jambo la Bismillahi wakati wa kufyatua na kumchinja mnyama akikutwa bado hai, mwulize shekhe wako kabla ya msimu. Beba kisu kikali.

Kama umetumia madini ya risasi, kata pande la nyama kuzunguka jeraha kwa ukarimu na ulitupe. Vipande huruka zaidi ya futi moja kutoka kwenye tundu. Usisuuze kwa maji, maana unavisambaza. Nyama iliyo karibu na jeraha isiingie kwenye mashine ya kusagia, kwa sababu chembe moja huenea kote. Halafu kuna mazoea yetu: nyama ya porini tunailaza usiku kucha kwenye ndimu au siki na tangawizi. Asidi hiyo huyayeyusha madini ya risasi na kuyafanya yaingie mwilini kwa urahisi zaidi. Ndimu iwekee nyama ya shaba.

Ukigawia majirani, kanisa au msikiti, andika kwenye kila pakiti tarehe, sehemu ya nyama, na aina ya risasi iliyomwangusha.