Kibali Kipya, Hesabu ya Siku Ileile

Wageni wanaoingia kupitia Tunduma hudhani kwamba ukazi wa kikodi huanza siku wanapopewa kibali cha ukaazi. Sivyo. Uhamiaji huangalia hati. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, huhesabu siku.

Tuseme raia wa India ameingia 1 Machi kwa viza ya biashara, na 20 Mei akapata kibali Daraja B afanye kazi Msangano. Asipotoka nchini, siku 183 hutimia 30 Agosti, wala si 18 Novemba, kwa kuwa siku za viza nazo zimo. Atakuwa mkazi kwa mwaka huo: badala ya asilimia 15 ya mshahara anayokatwa asiye mkazi, atatozwa kwa viwango vinavyopanda hadi asilimia 30. Mapato yake ya nje ya nchi huguswa ukazi ukizidi jumla ya miaka miwili.

Tunza pasipoti yenye mihuri ya mpakani, hata ikiisha muda.