MWENYE GHALA TUPU HANA MKATABA
Somo la mwezi: akiba ya maji na chakula kabla ya ukame

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Somo letu la mwezi huu linaanzia jikoni, lakini litatufikisha mpaka kwenye meza ya mazungumzo na tajiri. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika tawi, na wasiojua kusoma wasomewe.

Sisi wa Rwekubo tunaukumbuka mwaka 2016. Mvua ilipotea, migomba ya Isingiro ikanyauka ikiwa imesimama, na shida ikaendelea hadi mwaka 2017. Serikali ilileta posho na maharagwe kwa wenye njaa. Mwezi wa saba mwaka ule tulikuwa tumeuza maharagwe yetu yote, tukafurahi kushika pesa. Mwezi wa kumi tulikuwa tunayanunua tena kwa kikombe, kwa bei iliyotutoa machozi. Wakati ule ule, shamba tulilokuwa tukipalilia likapunguza vibarua. Waliobaki waliambiwa kwamba malipo ya siku yameshuka. Tulikuwa na kadi za chama na ada tulikuwa tumelipa, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Watoto walikuwa nyumbani wanangoja.

Hapo tulijifunza jambo moja. Ukame humpiga mfanyakazi kwa mikono miwili: mkono mmoja unaondoa kazi, na wa pili unapandisha bei. Asiye na kitu ghalani hukubali lolote analoambiwa. Kwa hiyo gunia la mahindi nyumbani ni silaha ya mfanyakazi, sawa na kadi yake ya chama.

1. UKAME HUCHUKUA MUDA GANI?

Mafuriko huja usiku mmoja, na kila mtu huyaona. Ukame huingia polepole, na mtu hugundua akiwa tayari yumo ndani. Kwetu mvua ni mbili: za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Mvua za Septemba zikikosa, mavuno ya Januari hayapo. Basi chakula cha Julai hii inabidi kitufikishe Julai nyingine. Kukosa msimu mmoja tu ni kungoja mwaka mzima. Nao majirani zetu wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia walikosa mvua misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020.

Wengine kati yetu tunatoka kambi ya Nakivale, na tumezoea kusema kwamba mgao upo. Tukumbuke mgao wa wakimbizi Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, na Februari 2021 ukapunguzwa hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mgao ni msaada. Anayeutoa ndiye anayeamua kipimo chake.

2. HESABU YA CHAKULA

Tuchukue nyumba ya watu 6. Kila mtu tumpe gramu 400 za mahindi na gramu 100 za maharagwe kwa siku.

Mahindi: kilo 2.4 kwa siku, yaani kilo 72 kwa siku 30.
Maharagwe: kilo 0.6 kwa siku, yaani kilo 18 kwa siku 30.

Mtu wa lejaleja atasema hizo kilo 72 hawezi kuzinunua. Ni kweli, hawezi kuzinunua kwa siku moja. Lakini tukizigawa kwa wiki 24, ni kilo 3 za mahindi na robo tatu kilo ya maharagwe kila wiki. Kwa karibu nusu mwaka nyumba inapata akiba ya mwezi mmoja. Anayeweza zaidi aongeze. Aliyevuna mwenyewe asiuze yote: kwanza atenge ya nyumbani, halafu auze inayobaki.

Weka mahindi mazima, si unga, kwa sababu unga huharibika upesi. Usisahau chumvi na mafuta. Na kila ukinunua mapya, kula ya zamani kwanza.

3. AKIBA MBAYA HUUA

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu nyingine za mashariki ya Kenya, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Yalikuwa na sumu ya ukungu iitwayo sumukuvu. Watu 317 waliugua, na 125 walikufa. Sumu hii haiondoki kwa kupika wala kwa kuosha.

Kwa hiyo usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Tandika turubai. Kabla ya kuyafunga, yapime hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu bado; yarudishe juani. Chumvi isipogandamana, yafunge. Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Liweke juu ya mbao au mawe.

Maharagwe adui yake ni mdudu. Yakaushe vizuri, yajaze katika jerikeni safi na kavu mpaka shingoni, kisha ukaze kifuniko. Mdudu akikosa hewa hufa. Usifungue mpaka siku ya kula.

Muhogo huvumilia jua, lakini mchungu una sumu. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula, Msumbiji, watu walioshikwa na njaa waliula bila kuuandaa ipasavyo. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu, na kupooza huko hakuponi. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, kisha uanikwe mpaka ukauke kabisa. Njaa isitufanye tufupishe siku hizo.

4. MAJI

Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini. Kwa watu 6 ni lita 90, yaani jerikeni nne na nusu. Kwa kunywa na kupika peke yake, tuhesabu jerikeni mbili kwa siku. Tanki la lita 1,000 basi litatosha siku 25 kwa kunywa na kupika. Halitamaliza ukame, lakini litatuvusha siku ambazo pampu imeharibika au bomba limekauka.

Maji hayo yako juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 5 lina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 inatoa lita 600. Tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, tunabaki na lita 480, yaani jerikeni 24. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, ndipo ukinge.

Tanki la dukani ni ghali. Lakini katika bonde la Oruchinga, humu humu Isingiro, wakimbizi kutoka Rwanda walionyesha njia nyingine, na shirika la ACORD likaieneza: kuchimba shimo, kulitandika turubai, kulizungushia ukuta wa fito na udongo, na kuliezeka kwa bati. Kazi ya mikono tunaiweza. Lifunikwe na kufungwa, mtoto asitumbukie.

Maji ya ziwani yaache yatulie usiku kucha, uyachuje kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja. Kuni zikikosekana, tia maji yaliyochujwa vizuri katika chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, uzilaze juani saa 6. Siku ya mawingu, ziache siku mbili.

Na ndugu wa mashambani, sikieni vizuri: jerikeni iliyowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia isitiwe maji wala chakula, hata ukiiosha mara kumi. Ukipewa bure na nyapara, itoboe.

5. KAZI YA CHAMA

Mtu mmoja hupata kilo 3 kwa wiki. Tawi la watu 40 hupata kilo 120. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi linunue pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, liweke ghala moja, lichague watunzaji watatu, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Kwa tajiri tudai mambo matatu, tena tudai sasa mvua ikinyesha: malipo kwa tarehe, mkopo mdogo wa mavuno unaokatwa kidogo kidogo, na maji safi ya kunywa kazini. Hilo la tatu si ombi. Limo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Nyumba yako ina watu wangapi, na chakula kilichopo leo kitafika siku ngapi?
2. Mavuno yaliyopita tuliuza kiasi gani, na tukanunua tena kiasi gani?
3. Nani kati yetu ana bati lakini hana mfereji wa kukinga maji? Tumsaidie lini?

Ndugu, haba na haba hujaza kibaba. Wiki hii kila mmoja aanze na zile kilo tatu. Siku tutakapoambiwa tena kwamba malipo yameshuka, tuwe na nguvu ya kujibu.