Tunguu la Amarilisi Linataka Kulala

Kila Desemba maduka ya Ulaya hujaa matunguu ya amarilisi, na Februari mengi yanatupwa jalalani yangali hai. Mwenyewe ameona ua limenyauka, akadhani kazi imekwisha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Swali: Nipande kwenye chungu cha ukubwa gani?

Chungu chembamba, kinachozidi tunguu kwa sentimita 2 au 3 tu kila upande, chenye tundu chini. Udongo mwingi hubaki na maji ambayo mizizi haiyawahi, tunguu likaoza. Changanya mboji na mchanga wa mto, na theluthi ya tunguu au zaidi ibaki juu ya udongo. Penye joto la nyuzi 20, maua huja baada ya wiki 6 hadi 8 hivi.

Swali: Mwaka jana lilichanua vizuri, mwaka huu limetoa majani tu. Nimekosea wapi?

Kosa lilitokea mwaka jana, mara baada ya maua. Majani ndiyo jiko la tunguu. Kwa kawaida, kila baada ya majani manne, shina moja la maua huanza kuumbika humo ndani. Ukiyakata, au ukikisukuma chungu kwenye kona yenye giza, huvuni kitu. Kata bua la ua peke yake. Majani yaache, yape mwanga wa dirisha, maji, na mbolea yenye potasiamu mpaka kiangazi cha Ulaya kiishe.

Septemba acha kumwagilia. Likae pakavu, kwenye nyuzi 13 hivi, kwa wiki 8 hadi 10, kisha lirudishe kwenye joto. Usingizi huo ndio watu wengi wanaounyima mmea huu.

Swali: Nina nyumba ya kioo bustanini, huku Uingereza. Haitoshi?

Bila kipasha joto, haitoshi. Kioo huzuia mvua na upepo, lakini usiku wa Januari baridi huingia humo vilevile, na tunguu likiganda limekufa.

Swali: Na sisi wa Arusha na Limuru?

Ninyi mna bahati: baraza inatosha. Adui yenu ni mvua. Chungu kinacholala kisogezeni chini ya upenu. Tena msiisahau skadoksasi, ule mpira mwekundu wa maua unaochomoza porini kwetu mvua zikianza. Nao hulimwa chunguni, hulala kiangazi, na kwa uzuri mimi nauweka mbele ya amarilisi.

Swali: Ni kweli matunguu haya yana sumu?

Kweli, yote mawili. Ukila hutapika, na mbwa naye hudhurika. Unapoyalaza, usiyaweke jikoni karibu na vitunguu vya kupikia.