Jasho Linalofungua Vifungo

Somo la kikundi: mbio na safari za baiskeli za hisani dhidi ya biashara haramu ya binadamu

Masomo: Isaya 58:1-12, Mwanzo 37:12-36, Waebrania 12:1-3

Lengo: Baada ya somo hili kikundi kiweze kupanga mbio au safari ya baiskeli inayowasaidia kweli waathirika wa biashara hii, bila kuwaumiza.

Muda: Saa moja na nusu

UTANGULIZI

Kukimbia au kuendesha baiskeli kwa ajili ya hisani si jambo geni tena katika sharika zetu. Vijana wamechangia zahanati, madawati na yatima kwa njia hiyo. Katika nchi mbalimbali wapo pia wanaosafiri mamia ya kilomita kwa miguu au baiskeli ili kupinga biashara haramu ya binadamu. Utaratibu wake ni rahisi. Mshiriki huwaomba ndugu na marafiki waahidi fedha kwa kila kilomita atakayomaliza, na fedha hizo hupelekwa kwa wanaowahudumia waathirika.

Ni jambo jema. Lakini mimi niliyewahi kuandaa safari ya namna hiyo nimejifunza kwamba watu wanaweza kutoka jasho jingi bila kumfungua mtu hata mmoja. Tena wanaweza kumwongezea jeraha yule waliyetaka kumsaidia. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. NENO LINATUFUNDISHA NINI?

Katika Isaya 58 tunakutana na watu waliojitesa kwa kufunga, kisha wakamlalamikia Mungu kwa nini hakuona bidii yao. Jibu lilikuwa kali. Siku ile ile waliyofunga, watumishi wao waliendelea kukandamizwa. Mungu akawaeleza kwamba mfungo anaoutaka ni ule unaowaachia huru walioonewa, unaomlisha mwenye njaa na kumpokea asiye na makao.

Safari ndefu ya baiskeli ni kama mfungo. Mwili unateseka kwa hiari. Basi swali la Isaya linatuhusu sisi pia: Je, kwa jasho hili kifungo cha nani kimefunguliwa?

Katika Mwanzo 37 tunamwona Yusufu, kijana wa miaka 17. Aliondoka nyumbani kwa ruhusa ya baba yake. Waliomuuza walikuwa ndugu zake mwenyewe. Walionunua walikuwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita njiani, na bei ilikuwa vipande 20 vya fedha. Baba alidanganywa kwa kuonyeshwa vazi lenye damu. Zingatia mambo hayo manne: ruhusa ya mzazi, ndugu, barabara na uongo. Bado ndiyo njia ya biashara hii hadi leo.

2. TUNAPAMBANA NA NINI?

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo, ambayo inaeleza maana ya usafirishaji haramu wa binadamu. Kuna mambo matatu ya kuangalia:

• Tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea.
• Njia: vitisho, nguvu, udanganyifu, au kutumia unyonge wake.
• Kusudi: kumnyonya, kwa mfano kwa kazi za kulazimishwa au ukahaba.

Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, tendo na kusudi vinatosha. Hata kama hakudanganywa, hata kama alikubali mwenyewe, bado ni kosa. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008, Uganda ikafuata mwaka 2009 na Kenya mwaka 2010.

Wengi wetu tukisikia maneno haya tunafikiria meli na nchi za mbali. Lakini hapa Tanzania watoto wengi hawavuki mpaka wowote. Msichana anatolewa kijijini kwa ahadi ya shule au mshahara, kisha anageuzwa mtumishi wa ndani asiyelipwa wala kuruhusiwa kutoka. Mvulana anapelekwa mashambani, machimboni au kwenye uvuvi.

Tuwe waangalifu pia. Si kila binti anayekwenda kufanya kazi mjini ameuzwa. Uliza: Ana umri gani? Nani anapokea mshahara wake? Anaweza kuzungumza na wazazi? Akitaka kurudi, anaweza?

3. WALIOTUTANGULIA

Waebrania 12 inatukumbusha wingu la mashahidi waliopiga mbio kabla yetu. Katika kupinga biashara ya watumwa, mmoja wao ni Thomas Clarkson wa Uingereza. Mwaka 1787 alikuwa miongoni mwa watu 12 walioanzisha kamati ya kuipinga biashara hiyo. Kisha alipanda farasi akaenda bandari za Bristol na Liverpool, na nyingine nyingi baada ya hapo. Inakadiriwa kwamba katika miaka saba alisafiri maili 35,000, yaani zaidi ya kilomita 56,000, mpaka afya yake ikadhoofika.

Hakusafiri ili watu wamwone. Aliwahoji mabaharia, akanunua pingu na vyombo vya mateso madukani, akavionyesha kwa wananchi na kuupeleka ushahidi bungeni. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo ilipitishwa mwaka 1807. Huku kwetu soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora na Ugogo hadi Bagamoyo, watu wakitembea kwa miguu katika nchi hii hii tunayopita leo kwa baiskeli.

Kuhusu kuchangisha kwa kilomita, mfano unaojulikana sana ni wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 katika siku 143. Lengo lake lilikuwa kila Mkanada atoe dola moja kwa utafiti wa saratani. Ugonjwa ulimsimamisha kabla hajamaliza njia, naye akafariki mwaka 1981, lakini mbio za kumkumbuka zinaendelea.

Na jirani yetu kabisa, Januari 2012, wanawake 48 walipanda Mlima Kilimanjaro ili kupinga biashara ya kuuza wanawake na watoto.

Kwa Clarkson tunaona kwamba safari ilibeba ushahidi. Kwa Fox tunaona kwamba mchango mdogo wa kila mtu una nguvu, na kwamba kila mtoaji alijua anachangia nini.

4. MAKOSA YETU

Miaka kadhaa iliyopita niliratibu safari ya baiskeli ya vijana wapatao ishirini. Walipita barabara kuu hadi makao makuu ya wilaya. Tulikuwa na fulana, mabango na kwaya. Watu walishangilia sana.

Kosa la kwanza lilikuwa la fedha. Baada ya kulipia fulana, chakula, gari na vipaza sauti, kilichobaki hakikutosha ada ya mafunzo ya ushonaji kwa msichana mmoja.

Kosa la pili: tulipita stendi ya mabasi tukipiga filimbi. Ni pale pale ambapo mawakala huwapakia wasichana alfajiri. Hakuna aliyeshuka kwenye baiskeli azungumze na makondakta au mama lishe, ambao wanaona kila kitu.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma hadi leo. Mwishoni tulimsimamisha jukwaani binti wa miaka 16 aliyekuwa ametoroka kwa mwajiri wake mjini, atoe ushuhuda. Nilimwomba mwenyewe, akakubali. Lakini sisi ndio tuliokuwa tunamlipia mafunzo. Angekataaje? Katika umati ule walikuwamo jamaa wa mwanamke aliyempeleka mjini. Haikupita wiki mbili, maneno ya kijijini yakamfanya aache mafunzo na kuondoka.

Nilipokwenda kwao, mama yake alinikaribisha kiti, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Baba, mwanangu alirudi kujificha. Ninyi mmemwanika."

Sikuwa na la kujibu. Baadaye tulisikia kwamba yuko kwa bibi yake wilaya nyingine. Tulimpelekea cherehani, akaipokea, lakini hakutaka kutuona. Ninaiheshimu haki yake hiyo.

5. HATUA ZA KUFUATA

a) Anzeni na kifungo, si na baiskeli. Kabla ya kuchagua tarehe, amueni fedha zitafanya nini. Ni ada ya wasichana wangapi? Ni nauli ya kuwarudisha watoto makwao? Andikeni na kumtangazia kila mtoaji.

b) Tenganisheni gharama na michango. Chukua mfano: waendesha baiskeli 20, kilomita 60, na kila mmoja ana wafadhili 10 walioahidi Sh. 100/= kwa kilomita. Kila mshiriki ataleta Sh. 60,000/=, na jumla itakuwa Sh. 1,200,000/=. Fulana za Sh. 12,000/= kwa watu 20 zingekula Sh. 240,000/=, yaani moja ya tano ya fedha yote. Kama fulana ni lazima, atafutwe mtu wa kuzilipia pembeni. Kitambaa cha rangi moja mkononi kinatosha.

c) Chagueni njia yenye maana. Pitieni stendi, minada na shule. Simameni. Vijana wawili wawili wazungumze na watu kuhusu yale maswali manne. Tarehe 30 Julai, ambayo ni siku ya dunia ya kupinga biashara hii, inafaa.

d) Mlindeni mwathirika. Asitajwe jina, asipigwe picha, asipandishwe jukwaani. Mtoto kamwe. Anayetegemea msaada wenu hana uhuru kamili wa kuwakatalia.

e) Msimnunue mtu. Zamani wamisionari wa Bagamoyo walitoa fedha kuwakomboa watumwa. Leo kumlipa mwajiri au wakala ili amwachie mtoto ni kumpa mtaji wa kumchukua mwingine. Toeni taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ustawi wa jamii, au piga simu namba 116 ya kusaidia watoto.

f) Lindeni washiriki. Ombeni kibali cha polisi. Breki na matairi yakaguliwe na fundi. Anzeni alfajiri kabla ya jua kali, pangeni vituo vya maji, na gari la huduma ya kwanza lifuate nyuma. Wenye presha au pumu wamwone mganga kwanza.

g) Toeni hesabu. Ndani ya mwezi mmoja mapato na matumizi yasomwe ibadani na kubandikwa ubaoni. Baada ya miezi sita someni tena: fedha ile imefanya nini?

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu, nani huja kuchukua wasichana na wavulana wa kazi? Tunamjua? Ni ndugu wa nani?
2. Yusufu aliondoka kwa ruhusa ya baba. Mzazi aulize nini kabla ya kumruhusu mtoto wake?
3. Je, sisi wenyewe tuna mtoto wa kazi nyumbani? Analala wapi, analipwa kiasi gani, anasoma?
4. Kama tungefanya safari mwaka huu, tungependa kifungo gani kifunguliwe? Tutajuaje kwamba kimefunguka?

Kiongozi asiruke swali la tatu, hata kama watu watanyamaza. Isaya aliwaambia waliofunga wawaangalie kwanza watumishi wao wenyewe.

SALA

Bwana Yesu, uliyekuja kuwaweka huru waliofungwa, utupe miguu yenye nguvu na macho ya kuona. Utusamehe pale tulipotafuta sifa kwa machozi ya wengine. Uwalinde watoto walio mbali na kwao usiku huu, na utufundishe kusimama njiani kwa ajili yao. Amina.