Shanga za kioo zinazopima ugonjwa kwa mwanga

Mgonjwa akipimwa na kuambiwa hana ugonjwa, hufurahi na kwenda zake. Lakini msomaji, jibu hilo huweza kuwa na maana mbili: ama ugonjwa haupo, au dalili zake katika damu bado ni chache mno kipimo kisizione. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta vipimo vyenye macho makali zaidi. Kimojawapo ni tufe dogo la kioo, mfano wa ushanga, lenye upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Hufanyaje kazi?

Katika kanisa kuu la St Paul's, London, kuna roshani ya mviringo ambapo mtu akinong'ona karibu na ukuta, aliye upande wa pili humsikia. Mwanasayansi Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kuwa sauti hutambaa ikifuata ukuta uliopinda. Mwanga nao huzunguka hivyo ndani ya tufe la kioo.

Mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kila anaporudi, hupanda juu zaidi. Vivyo hivyo, mzunguko wa tufe ukitoshea mawimbi kamili ya mwanga bila baki, kila mzunguko huuongezea nguvu uliotangulia. Wimbi lisilotoshea hufifia.

Protini au virusi vikinata juu ya tufe, njia ya mwanga huwa kana kwamba imerefuka kidogo, na wimbi linalotoshea hubadilika. Badiliko hilo hupimwa kwa leza. Mwaka wa 2002 watafiti huko Marekani, wakiwemo Frank Vollmer na Stephen Arnold, walipima protini kwa njia hii. Mwaka wa 2008 waliweza kutambua virusi vya homa ya mafua kimoja kimoja.

Kazi ya matabaka

Tufe tupu lina kasoro, hivyo huvikwa matabaka membamba. Tabaka linalopunguza mwendo wa mwanga kuliko kioo huuvuta mwanga karibu na uso wa tufe, mahali virusi vinaponata. Likiwa nene kupita kiasi, mwanga hubaki ndani yake na faida hupungua.

Joto nalo hubadilisha kioo na kuleta jibu la uongo. Zipo plastiki ambazo, zikipata joto, hubadilisha mwendo wa mwanga kinyume cha kioo. Tabaka la plastiki hiyo husawazisha mambo. Juu kabisa huwekwa kingamwili zinazoshika kiini kinachotafutwa. Hata hivyo, damu ina protini nyingi zinazoweza kunata ovyo, na hili ni tatizo kubwa kwa watafiti.

Ushauri

Usisubiri chombo hiki. Bado ni cha maabara za utafiti. Jua tu kwamba kila kipimo kina kiwango ambacho chini yake hakioni. Ukipimwa malaria na kuambiwa huna, lakini homa ikaendelea, rudi hospitalini upimwe tena. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Aliyejihatarisha kupata virusi vya Ukimwi asingoje: ndani ya saa 72 aombe dawa za kinga. Na akipimwa mapema akaonekana hana, arudie kipimo baada ya miezi 3, kwa kuwa kingamwili huchukua muda kuonekana. Wakati huo wote ajikinge na amkinge mwenzake.