Nyayo Zikifa Ganzi, Mwili Hukosa Mizani

Mzee hutembea Moi Avenue mchana bila shida. Asubuhi, akifumba macho ili anawe uso, anayumba na kushika ukuta. Wengi husema ni uzee tu. Huenda ni nyayo.

Tunasimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo vya miguu. Ngozi ya wayo huuarifu ubongo uzito umeegemea wapi, nao ubongo huamuru misuli irekebishe. Umri ukisonga, mishipa ya fahamu ya miguuni hupeleka habari hizo polepole, tena pungufu. Kisukari, pombe nyingi na upungufu wa vitamini B12 huzidisha hali hiyo.

Macho huziba pengo hilo, kwa hivyo mtu hajui. Hatari hutokea gizani: stima ikipotea Kangemi, au ukienda choo cha nje usiku Kawangware.

Jipime nyumbani

Lala chali, vua soksi, fumba macho. Mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya kidole, polepole bila kubonyeza, kwa sekunde 1 hadi 2. Aguse kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu: jumla vidole 6. Sema kila unapohisi. Ukikosa kuhisi 2 au zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe miguu na sukari. Ikiwa umetumia metformin kwa miaka mingi, mwambie daktari, kwani inaweza kupunguza B12.

Mambo ya kufanya

• Weka tochi kando ya kitanda, na uondoe vitu njiani kuelekea mlangoni.

• Vaa viatu vinavyoshika mguu, vyenye soli nyembamba na imara. Malapa huteleza, na soli nene laini huficha ardhi.

• Shika meza, inuka kwa vidole vya miguu mara 10 kila siku.

• Kagua nyayo kila jioni. Baridi ya Julai isikufanye uote miguu karibu na jiko: mguu wenye ganzi huungua bila wewe kujua.

Kuanguka si lazima kwa mzee. Mpime mzazi wako leo jioni.