SOMO: KUCHAGUA MAHALI PA JAA LA TAKA

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Vilimani mna mikarafuu. Mabondeni mna mpunga na chemchemi. Taka zikitupwa penye mteremko, mvua za masika huteremsha uchafu wake mpaka mashambani na visimani. Upande wa Micheweni, penye udongo haba juu ya mwamba wa matumbawe, maji machafu hupenya ardhini upesi. Kwa hiyo jaa la mji wa Chake Chake, Wete au Mkoani lisichaguliwe kwa sababu tu pana uwanja mtupu kando ya barabara.

Hatua ya kwanza: Kuondoa. Juu ya ramani huwekwa karatasi angavu, kila moja na jambo lake: visima, mabonde ya mpunga, mikoko, makazi, Msitu wa Ngezi, na kiwanja cha ndege, maana kunguru wa jaani huhatarisha ndege zinaporuka. Sehemu za kuepukwa hutiwa rangi. Karatasi zikipangwa pamoja, pasipo na rangi ndipo pa kuchunguzwa. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo, lakini kanuni ni ile ile.

Hatua ya pili: Kupima. Kila sharti hupewa uzito, na kila mahali hupewa alama 1 hadi 5. Tuseme usalama wa maji una uzito 5, mteremko 3, barabara 2. Mahali A pamepata alama 2, 4 na 5. Mahali B alama 5, 3 na 2.

A: (5×2) + (3×4) + (2×5) = 32
B: (5×5) + (3×3) + (2×2) = 38

B pamefaa zaidi. Lakini barabara ikipewa 5 na maji 2, A hupata 41 na B 29. Alama hazikubadilika; uzito ndio uliobadilika. Hivyo uzito ukubaliwe mkutanoni na katibu auandike katika kumbukumbu kabla ya mahali popote kutajwa. Ukipangwa baadaye, hesabu huwa pazia la uamuzi uliokwisha kufanywa.

Hatua ya tatu: Kuona. Ramani haioni kila kisima. Wakaguzi wafike wakati wa masika, wachimbe shimo la majaribio na kuwauliza wenyeji maji huelekea wapi.

Maswali ya kujadiliwa chamani
1. Ni visima gani vya wanachama visivyomo katika ramani?
2. Kati ya maji na barabara, kipi kipewe uzito zaidi, na kwa nini?